Barua kutoka Leicester: Mshusheni Afisa Lishe mpaka Kata

Ujumbe wa sauti uliingia alfajiri, mwandishi wa barua hii akifunga kamba za viatu kwenda zamu. "Shikamoo mama mdogo," ilianza sauti ya mpwa wake, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Alitaka kujua kama kuna ubaya akijaza shahada ya lishe kuwa chaguo lake la kwanza. Nyuma yake baba mkubwa alisikika akicheka: lishe ni kusomea kupika, na kupika mama yake anamfundisha bure.

Kicheko hicho ndicho kilichozaa barua hii. Inakwenda Kilolo, mkoani Iringa, kwa ukoo mzima, na nakala kwa kila mwenye kalamu ya kupitisha bajeti ya halmashauri. Mwandishi wake anawapenda wote hao. Baadhi yao pia wamemchosha.

Baba mkubwa aanze kwa kujua mpwa wake anakwenda kukutana na nini. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, mwanafunzi wa lishe hashiki mwiko siku ya kwanza. Hushika bayokemia, na mzunguko wa Krebs umewahi kuwatoa machozi vijana waliokuwa vinara wa shule zao. Hufuata fiziolojia, kemia ya chakula, takwimu, upimaji wa mwili, magonjwa na mlo wa mgonjwa, kisha mazoezi ya vitendo vijijini, ambako kijana wa mjini hugundua kwamba kumpima urefu mtoto wa miezi 8 anayepiga mateke ni kazi ya watu wawili. Jiko lipo pia, ndiyo. Lakini anayetoka hapo anaweza kukueleza kwa nini uji wa mahindi matupu humjaza mtoto tumbo huku ukimwacha na njaa, na hilo baba mkubwa, pamoja na magunia yake 40 ya mahindi, hajawahi kulieleza.

Magunia hayo ndiyo kiini cha hasira ya barua hii.

Mwandishi alipofika Uingereza kusoma shahada ya pili, wiki za mwanzo mhadhiri mmoja alitundika ukutani mchoro maarufu wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoonyesha sababu za utapiamlo. Juu yupo mtoto mwenye utapiamlo. Chini yake kuna mlo duni na maradhi, na chini zaidi upungufu wa chakula nyumbani, malezi hafifu, huduma dhaifu za afya na mazingira machafu. Kwenye mizizi umekaa uchumi na siasa. Hakuna mwanafunzi wa lishe duniani asiyeujua mchoro huo. Mhadhiri akasema mawazo ya mchoro huo yalipikwa na kuonjwa kwenye mradi wa miaka ya 1980 katika mkoa mmoja wa Tanzania uitwao Iringa, kisha akauliza kama kuna anayejua Iringa iko wapi.

Mkono wa mwandishi ulikwenda juu kabla hajafikiri. Kwa dakika tano alikuwa malkia wa darasa. Alieleza habari za vijiji 168 vya mwanzo, wafanyakazi wa afya wa vijiji waliopima watoto uzito, wazazi waliokaa chini ya mti wakitazama kadi na kuulizana kwa nini mtoto wa fulani hakui, halafu wakaamua wenyewe la kufanya na kupima tena. Wataalamu waliita utaratibu huo tathmini, chambua, tenda. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwemo, fedha zilitoka Italia, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa jikoni kabisa. Watoto wenye uzito pungufu walipungua, na dunia ikaja kujifunza.

Ndipo msichana mmoja wa Ghana, bila ubaya wowote, akauliza: sasa hivi hali ikoje huko?

Hali ni hii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57, ya kwanza nchini, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila moja ikiwa na takriban nusu. Mikoa inayolisha taifa ndiyo hiyo inayoongoza kwa udumavu. Parachichi za Njombe zinasafirishwa hadi Ulaya, na mtoto wa mchumaji anakunywa uji mweupe. Mwandishi alitaja 57 kwa sauti ya chini, akakaa. Hakunyoosha mkono tena wiki ile.

Watu wa nyumbani wana majibu yao. Ni baridi, ni urithi, Wahehe ni wafupi tu. Baba mkubwa, mwenye urefu wa futi sita, ameyasema haya mara nyingi. Lakini mtoto haanzi kudumaa akiwa shule; huanza tumboni na kumalizia kabla ya kutimiza miaka 2, ndani ya zile siku 1,000. Mama yake yuko shamba la chai au la mahindi tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada wa miaka 7 na kikombe cha uji mwepesi, maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, jioni ni ugali. Chakula kipo, asiyekuwepo ni mtu wa kukaa na mama huyo na kupanga naye siku yake.

Sasa mwandishi anafika kwenye jambo lake, na atawachosha nalo, maana amelilea miaka mingi: kila kata iwe na afisa lishe wake.

Kata ina mtendaji. Ina afisa kilimo, mara nyingi afisa mifugo, afisa maendeleo ya jamii na mratibu elimu. Ng'ombe akikohoa, kuna wa kuitwa. Afisa lishe anaishia halmashauri, na Tanzania Bara ina halmashauri 184 kwa kata zaidi ya 3,900. Gawanya mwenyewe: kila halmashauri ina kata 20 na ushee.

Anayesema haya amekalia kiti hicho. Kabla ya kuondoka alikuwa afisa lishe wa halmashauri moja ambayo hataitaja, kwa miaka 3. Gari aliazima idara ya chanjo, likipatikana. Mafuta aliomba kwa barua. Siku nyingi alijaza taarifa za robo mwaka kuhusu vijiji ambavyo hajavikanyaga. Anamkumbuka mama mmoja aliyetembea kutwa kumleta mtoto zahanati. Nukta ikawekwa kwenye kadi chini ya mstari mwekundu, mama akaambiwa ampe mtoto mlo kamili, akarudi na njia ile ile aliyoijia. Aliyempa ushauri huo mfupi ni mwandishi wa barua hii. Siku ile alikuwa na mikutano miwili.

Leo kazi yake ni msaidizi wa wataalamu wa lishe katika hospitali moja ya Uingereza. Mzee wa miaka 86 akiingia wodini hupimwa lishe yake kwa hatua tano za kipimo kiitwacho MUST, kilichotoka mwaka 2003. Akishindwa kumeza, chakula na vinywaji vyake vinachaguliwa kwenye ngazi za ulaini kuanzia 0 hadi 7. Akiacha bakuli la kastadi siku mbili mfululizo, kuna mtu anapanda ghorofani kuuliza kulikoni. Mtu huyo siku hizi ni mtoto wa Kilolo, na kila anapoandika "mgonjwa amekula nusu" anamwona yule mama na kadi yake.

Wa wizarani watasema wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wapo, na mpango uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikisha zaidi ya 137,000. Lakini mabegani mwao kuna malaria, kifua kikuu, uzazi wa mpango, chanjo na vyoo. Lishe inakuwa ya sita, jua likizama. Wanahitaji mtu wa kata anayewaongoza: anayekagua mashine za kusaga na namna mahindi yanavyohifadhiwa, kwa sababu sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, anayesimamia chakula cha mchana shuleni, anayeitisha siku ya afya na lishe ya kijiji na kuhakikisha haigeuki hotuba, anayekaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuuliza, mbele ya diwani, shilingi 1,000 iliyotengwa kwa kila mtoto imefika wapi. Wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mwaka 2017, wakasaini tena mwaka 2022. Saini zinatosha. Ianzwe na Iringa, Njombe na Rukwa, na walioajiriwa wapimwe kwa urefu wa watoto. Semina zao zisihesabiwe.

Kwa mpwa, maana swali lilikuwa lake. Kazi za lishe si halmashauri tu. Kuna hospitali za rufaa, viwanda vya unga na mafuta vinavyotakiwa kuongeza virutubisho, viwanda vya chumvi, taasisi za utafiti, mashirika ya kimataifa, ualimu. Jirani Kenya, sheria ya mwaka 2007 iliunda taasisi ya kusajili na kuwapa leseni wataalamu wa lishe, na udumavu kule ulishuka hadi asilimia 18 mwaka 2022. Mwandishi hasemi leseni ndiyo iliyoushusha, anasema jirani ameichukulia kazi hii kama kazi. Na kama anawaza kupanda ndege na cheti cha Morogoro, ajue mapema. Uingereza, jina la mtaalamu wa lishe ya tiba linalindwa na sheria, bila usajili huwezi kulitumia, ndiyo maana mama yake mdogo bado ni msaidizi. Marekani, tangu mwanzo wa 2024, bila shahada ya pili mtu haruhusiwi hata kuukalia mtihani wa usajili.

Mwandishi anajua mtakachosema mkimaliza kusoma. Wewe umekula ufadhili ukabaki huko, sasa unatupigia kelele za kata. Ni kweli. Alisema anakwenda mwaka mmoja. Jumamosi hununua mihogo kwenye duka la mzee wa Kigujarati Barabara ya Belgrave, aliyezaliwa Uganda, ambaye kila mara humwuliza kwa Kiswahili chake cha zamani, "Rudi nyumbani lini?" Jibu lake hubadilika kila mwaka. Kiti alichokiacha, ameambiwa, kilikaa bila mtu kwa muda mrefu, kisha akakaimishwa muuguzi mwenye majukumu mengine mawili. Kwa hilo hana utetezi, na hatautafuta.

Baba mkubwa anaombwa auze magunia mawili, anunue kuku wa mayai, na mayai yasitoke nyumbani. Diwani anaombwa ajibu barua. Mpwa ameshajaza fomu: lishe, Morogoro, chaguo la kwanza. Ada ya mwaka wa kwanza itatoka Leicester.