Mwenyeji Anapohama Kwake

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga, lakini katika mpira wa miguu wa nchi yetu methali hiyo imegeuzwa. Siku hizi mgeni anapokuja, mwenyeji hufunga virago akaenda kumpokea mahali penye majukwaa makubwa zaidi. Desturi hii ya timu ndogo kuhamisha michezo yao ya nyumbani dhidi ya Simba na Yanga hatuna budi kuipima kwa makini kabla haijawa mazoea hapa Bukoba.

Mifano ipo. Ruvu Shooting, ambayo maskani yake ni Mlandizi mkoani Pwani, iliwakaribisha Simba katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, mwezi wa Novemba 2021, kisha ikawakaribisha Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, mwezi wa Mei 2022. Geita Gold nayo iliwapokea Simba hapo hapo Kirumba mwezi wa Desemba 2022, ikafungwa mabao 5 kwa bila. Ruvu Shooting ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23, na Geita Gold ikafuata msimu wa 2023/24. Hatusemi kwamba kuhama ndiko kulikoziteremsha. Timu hushuka kwa sababu nyingi, na Kagera Sugar, iliyowapokea Simba na Yanga hapa Kaitaba, nayo ilishuka mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Tunalosema ni kwamba fedha za majukwaa makubwa hazikuwaokoa waliozifuata.

Hoja ya viongozi wa timu tunaielewa. Kaitaba huchukua watazamaji wapatao 5,000, na Kirumba huchukua mara kadhaa ya idadi hiyo. Basi tufanye hesabu kwa mfano tu. Watu 5,000 wakilipa shilingi 10,000 kila mmoja, mlangoni huingia shilingi milioni 50. Wakiwa watu 12,000 huingia milioni 120. Ziada ni milioni 70, na macho ya mhasibu hung'aa.

Lakini ziada hiyo haifiki yote mfukoni. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huondoa zaidi ya milioni 10. Mwenye uwanja anataka pango lake. Vyombo vinavyosimamia mpira vinataka mafungu yao. Wachezaji wanataka basi, malazi na chakula kwa safari ya zaidi ya kilomita 400. Zaidi ya hayo, Ligi Kuu yenye timu 16 humpa kila mwenyeji michezo 15 ya nyumbani, na katika hiyo ni 2 tu ya Simba na Yanga. Michezo 13 inayobaki haijazi hata Kaitaba. Hiyo ndiyo haba na haba inayojaza kibaba, na hujazwa na mtu wa Bukoba na Muleba ambaye huja hata timu inapofungwa. Ukimnyima siku mbili alizozingoja mwaka mzima, usimlaumu akikunyima siku 13 nyingine.

Kuna pia hesabu isiyoandikwa katika daftari la timu. Siku ya mchezo mkubwa, mvuvi wa Bumbire au Goziba hupanda mtumbwi akaja mjini. Hula, hulala, hununua sabuni na nyavu, ndipo arudi kisiwani. Mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, dereva wa bodaboda na mchuuzi wa senene hupata riziki, na Manispaa hupata ushuru. Mchezo ukihamia Mwanza, riziki hiyo huhama pamoja nao. Timu huenda ikapata, lakini mkoa umepoteza, na hakuna anayetoa hesabu ya kilichopotea.

Jambo hili tulikwisha kuliona kwa macho yetu. Kaitaba ilipofungwa ili kutandikwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, Kagera Sugar ilicheza michezo yake ya nyumbani Shinyanga na Tabora, mpaka uwanja ulipokuwa tayari mwaka 2016. Hapo kuhama kulikuwa kwa lazima, na kulikuwa na mwisho wake. Kuhama kwa hiari, kwa ajili ya mapato ya siku moja, ni jambo jingine.

Hata nchi tajiri zimepita njia hii. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Alabama, kilichoko mji wa Tuscaloosa, kwa miaka mingi kilipeleka michezo yake mikubwa ya mpira wa Kimarekani katika Uwanja wa Legion Field mjini Birmingham, mwendo wa kilomita 90 hivi, kwa kuwa uwanja huo ulikuwa mkubwa kuliko wa chuo. Dawa waliyoipata hatimaye ilikuwa kuupanua uwanja wa nyumbani. Mwaka 1998 uwanja wa chuo uliuzidi ule wa Birmingham, na baada ya mwaka 2003 michezo ya nyumbani ikakoma kupelekwa huko. Leo uwanja huo wa nyumbani unachukua watu zaidi ya 100,000.

Hatuitaki Bukoba ijenge cha watu 100,000. Tunataka mambo matatu. Kwanza, Manispaa iongeze majukwaa ya Kaitaba hatua kwa hatua, kwa fungu lililotengwa katika mapato ya uwanja wenyewe. Pili, timu yoyote ya mkoa huu itakayotaka kuhamisha mchezo itangaze hesabu yake hadharani, mapato na matumizi, kabla na baada ya mchezo. Tatu, michezo mikubwa ipangiwe saa zitakazomwezesha mtu wa visiwani kufika na kurudi kwa usalama.

Nasi tulio katika Chama tuseme kweli: viwanja vingi vinavyokimbiliwa, Kirumba kikiwamo, ni mali ya Chama, na pango lake huingia katika mfuko wetu. Faida hiyo isitufumbe macho. Timu ya mkoa ni amana ya wananchi wake, na amana haikodishwi kwa mwenye jukwaa kubwa.