SHOKOMZOBA SI ANASA



Wako wasemao kwamba pikipiki ikianza kurukaruka, mwenye pesa anunue nyingine na maskini avumilie. Maneno hayo twayakataa.

Katika karakana za reli, behewa lenye springi iliyovunjika haliruhusiwi kwenda safari. Mbona pikipiki impelekayo mtu kazini iruhusiwe? Springi hubeba uzito, na mafuta yapitayo katika vitundu vidogo huizuia isirukeruke. Mafuta yakivuja, gurudumu huruka juu ya mashimo, na breki haina msaada kwa gurudumu lisilogusa barabara.

Basi tusidanganywe. Kukaza springi za nyuma huinua pikipiki tu. Hakuponyi shokomzoba iliyokufa. Mwenye shilingi chache na aanze mbele: abadilishe sili na mafuta ya foki, aina iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, kwa kipimo kilicho sawa pande zote mbili. Kisha atazame bushi za nyuma. Mwisho, akiisha kuweka akiba, anunue shokomzoba za nyuma, zote mbili pamoja, kwani mpya na kuukuu hazipatani.

Lakini pikipiki ikiwa ni ya kazi, gharama hizi si za mshahara wetu. Mwajiri atoaye pikipiki atoe na vipuri vyake. Kila tawi liandike dai hilo na kulileta mkutanoni. Vipuri vya pikipiki vyauzwa madukani. Mgongo wa mfanyakazi hauuzwi po pote.