Dalali, niitie mwenye gari

Nanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Dar es Salaam. Miaka 9 nilikodi magari ya watu, mwaka jana nikaamua kununua Canter yangu. Dalali mmoja wa Iringa akanionyesha yenye namba B, injini ya 4D33, rangi mpya inang'aa. "Mama, milioni 19. Kuna mteja anakuja jioni na hela mkononi."

Maneno hayo ya mteja wa jioni yamewalipisha wengi kabla hawajainama kuangalia uvungu. Nikamwambia aniitie mwenye gari. Akazungusha siku mbili. Ya tatu, alipoona sitoi hata shilingi, akampigia. Akaja mzee mmoja, dereva mstaafu. Nikamwamkia, tukakaa kibarazani, nikamuuliza anataka ngapi.

"Kumi na sita, mwanangu."

Kumbe milioni 3 nzima zilikuwa cha juu.

Sina ugomvi na udalali. Aliyetembea juani kukutafutia gari alipwe. Ninachokipinga ni kumficha mwenye mali ili bei ipikwe katikati. Hapo mnunuzi anakandamiza kwa kuwa anahisi anapigwa, na muuzaji anaficha ubovu ili asipate hasara. Bei ya haki itoke wapi?

Mzee yule hakuficha. Kabla fundi wangu hajaingia uvunguni, aliniambia gia ya tatu inachomoka gari likiwa na mzigo, na springi moja ya nyuma imekatika. Nilikuwa nimeomba gari lilale bila kuguswa, maana injini ya dizeli ikishapata moto huficha mengi. Asubuhi, kwenye baridi ya Iringa, iliwaka kwa kusuasua na kutoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa. "Nozeli," fundi akasema. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akaweka kiganja juu yake kwa muda. Haipumui sana, ringi bado nzima. Kisha akasugua bloku kwa kitambaa chenye dizeli mpaka namba ya injini ikaonekana, tukailinganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Magari ya umri huu mengi yamebadilishwa injini bila TRA kuambiwa, na usumbufu wake humwangukia mnunuzi.

Siku ileile mzee alikuwa na mzigo wa kufuata Ruaha Mbuyuni, nikapanda naye. Tulipoupandisha mlima Kitonga na magunia nyuma, gia ya tatu ilichomoka mara mbili, naye akaishikilia kwa mkono wa kushoto bila kusema neno. Gari halikuchemsha.

Jioni nikafungua daftari: giaboksi 700,000, springi 120,000, nozeli na kupima pampu 550,000, tairi mbili 800,000. Sikutamka "punguza". Nilimsogezea tu asome. Akaikata tairi moja, akasema ile ya kulia bado ina safari. Nikaenda kuiangalia tena kwa tochi, alisema kweli. Wenzangu sokoni walikuwa wamenunua namba B nzima kwa milioni 16, kwa hiyo tukatoa matengenezo tu, tukafikia milioni 14 na laki mbili.

Shemeji yangu alininong'oneza nimbane mpaka 12, kwa sababu mzee ana mgonjwa ndani na anataka hela haraka. Nilikataa, na ningekataa leo. Gia mbovu naikata kwenye bei. Mgonjwa wa mtu siwezi kumkata.

Nililipa milioni 12 mbele ya wakili, zilizobaki siku kadi iliposoma jina langu. Dalali alipokea 400,000 yake tukiwa wote watatu, akatia saini kama shahidi.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Kuna Fuso, akasema, na mwenye gari amekaa naye hapo.