Wati hazidanganyi, lakini hazijui kama umelala

Mmeniuliza kwa nini nimefunga kipima nguvu kwenye baiskeli badala ya kuendesha tu. Jibu: kinanifundisha kwenda polepole.

Kinapima kwa wati jinsi ninavyokanyaga pedali. Unakanyaga dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuhimili, halafu unachukua asilimia 95 ya wastani. Mimi nilipata 200, basi kipimo changu ni 190. Siku za mazoezi mepesi sizidi 140, hata babu akinipita kwenye njia ya W&OD, ile iliyokuwa reli zamani. Mapigo ya moyo hupandishwa hata na joto. Wati ni miguu yako tu.

Lakini sisi manesi tunajua kwamba namba si mgonjwa. Baada ya zamu ya usiku, zile 140 huwa mlima. Siku hiyo nalala, basi.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017, alijulikana kwa kukikodolea macho kipima nguvu. Lakini kwanza alilelewa kimchezo na David Kinjah huko Kenya. Mwili kwanza, jamani, mashine baadaye.

Nawapenda wote, msalimieni mama!