Picha za Simu Hazitoshi

Wamiliki wengi wa majengo ya kale, na hata baadhi ya wakandarasi, huamini kwamba picha chache za simu na jicho la fundi mzoefu vinatosha kuanzia ukarabati. Kupima, wanasema, ni kula fedha za chokaa na boriti, na jengo si lipo, kila mtu analiona? Lipo, ila ukarabati wenyewe ndio unaofuta ushahidi wake.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyuma ya lipu ya ukuta wa mawe ya matumbawe huweza kukutwa mlango uliozibwa, rangi za zamani, au saruji ya juzijuzi iliyofungia unyevu na chumvi ndani. Lipu ikishabanduliwa bila kuandikwa kilichokutwa, hakuna atakayejua tena kipi kilitangulia kipi. Picha, kwa upande wake, haisemi ukuta umeinama kiasi gani wala boriti ya mkoko imezama ukutani kina gani. Hiyo ni kazi ya timazi, utepe na pima maji, vifaa ambavyo fundi yeyote anavyo. Ufa nao huwekewa alama na tarehe, ukapimwa tena baada ya miezi. Ufa uliotulia na ule unaopanuka hufanana pichani, lakini tiba zake ni mbalimbali.

Wengine hujitetea kwamba wanarudisha jengo “kama lilivyokuwa”. Lilivyokuwa lini? Jumba la Beit al-Ajaib, humo humo Mji Mkongwe, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lakini mnara wa saa uliozoeleka mbele yake uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa. Kwa sehemu iliyoporomoka namna hiyo, anayejenga upya hana cha kushika ila vipimo vya kabla.

Warszawa, Poland, walikuwa navyo. Walimu na wanafunzi wa usanifu walikuwa wamepima majengo ya mji wa kale. Michoro ikafichwa wakati wa vita, na baada ya Wajerumani kuubomoa mji mwaka 1944 ikasaidia kuujenga upya.

Mkataba wa Venice wa 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka kumbukumbu za ukarabati ziwekwe katika hifadhi ya nyaraka ya taasisi ya umma, watafiti wazipate. Zikibaki kwenye kompyuta ya mkandarasi aliyekwisha kulipwa, ukarabati unaofuata utaanza tena na picha za simu.