Nilishinda Mdahalo, Lakini Nilikosea



Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, "Ni upotevu wa mali kuchunguza maradhi yawapatayo watu wachache." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande ulioafiki. Nilitaja maradhi ya figo ambayo kwa lugha yetu naweza kuyaita maradhi ya mashapo mazito. Huwapata watu wawili au watatu tu katika kila milioni, hasa watoto na vijana. Nikauliza, "Kwa nini fedha zipelekwe huko hali malaria inaua watoto?" Makofi yakalia, na hoja yetu ikapita. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nikiri kosa langu.

Wakati wa likizo mdogo wangu mwenye miaka tisa aliamka uso umevimba, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Bibi alisema mtoto amepatwa na jicho. Mama hakubishana naye, ila alimchukua mtoto hospitali. Daktari akaona damu na protini katika mkojo. Tena akaona kuwa kitu kiitwacho C3 kimepungua katika damu. Akasema, "Mama, huenda figo zimeathirika baada ya yale maumivu ya koo. Watoto wengi hupona. Lakini mrudishe. Kama baada ya miezi mitatu C3 haijapanda, itatupasa kutafuta sababu nyingine." Nikamwuliza ni sababu gani. Akataja maradhi yale yale niliyoyadharau jukwaani.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na figo zote mbili huchuja lita zipatazo 180 za majimaji kila siku. C3 ni protini ya damu isaidiayo kuua vijidudu. Ni askari mwenye nguvu, lakini yuko chini ya amri: zipo protini nyingine zimzuiazo asipige ovyo. Katika maradhi haya amri hiyo huharibika. Askari hupiga mchana na usiku, na mabaki yake hujaa katika vichujio kama machicha katika kifumbu. Karibu nusu ya wagonjwa figo zao hufa ndani ya miaka 10. Hata figo mpya haimalizi mambo. Upandikizaji wa kwanza nchini mwetu ulifanyika Muhimbili mwaka 2017, nasi twajivunia. Lakini hapa kosa limo katika damu, na mara nyingi maradhi huirudia hata figo iliyopandikizwa.

Je, uchunguzi umeleta faida gani? Mwaka 1963 huko Ufaransa, Jean Berger na Pierre Galle waliyaona mashapo hayo kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1969 wachunguzi wa Marekani waligundua katika damu ya wagonjwa kitu kinachoichochea C3 isitulie. Mwaka 1995 wataalamu wa Norway walieleza kwa nini vitoto vya nguruwe fulani vilikuwa vikifa kwa maradhi kama haya: vilizaliwa bila mmoja wa wale wazuiaji wa C3. Nani angedhani kwamba nguruwe wangetufundisha juu ya figo za watoto? Hatimaye, mwaka 2025, Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuituliza C3: iptakopani kwa watu wazima, na pegisetakoplani kwa wenye miaka 12 na zaidi.

Hapa ndipo hoja yangu ya zamani ianguakapo. Berger huyo huyo, mwaka 1968, alieleza maradhi mengine ya figo yatokanayo na protini iitwayo IgA. Hayo si ya wachache. Ni miongoni mwa maradhi ya vichujio vya figo yaliyoenea sana duniani. Na iptakopani iliidhinishwa kwa maradhi hayo mwaka 2024. Mlango wa wachache na mlango wa wengi hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Hata yule daktari wetu asingejua kungoja miezi mitatu kama hapakuwa na watu waliojishughulisha na wale wawili au watatu.

Sikatai kwamba fedha ni chache, wala kwamba chandarua kwanza. Tena dawa hizi ni ghali mno, na mtoto wa mkulima hazifikii. Hilo ni jambo la kupigania. Lakini kusema "ni ghali" si sawa na kusema "ni upotevu."

Wenzangu, mkimwona ndugu amevimba uso au miguu, au mkojo wake una povu jingi au rangi ya chai, msingoje. Kupima mkojo ni jambo jepesi. Nanyi mnaokwepa somo la Biolojia, kumbukeni kwamba hadubini haichagui jicho la nani litazame.

Mdogo wangu alipona. C3 yake ilipanda, naye sasa anacheza mpira. Lakini kwa miezi mitatu nyumbani kwetu hakuna aliyejali kwamba maradhi yale ni ya wachache. Sisi tulimhesabu mmoja.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne