Mnawauzia Madogo Taa za Rangi, Mnaita Kompyuta ya Gemu

Leo sina salamu ndefu maana nimekasirika, na nikikasirika naandika hovyo, mnivumilie tu.

Kuna staa mmoja wa mitandaoni, mnamjua. Jina siweki kwa sababu sina hela ya wakili. Kapandisha klipu fupi: chumba giza, sanduku la kompyuta lina kioo pembeni, ndani feni zinazunguka na taa nyekundu, bluu, zambarau. Kwenye skrini inachezwa GTA V. Yeye kavaa hedifoni, anacheka, anasema hiyo ndiyo mashine ya kazi na gemu, wahini kabla hazijaisha. Namba ya muuzaji iko hapo chini. Ukiangalia alivyoshika kipanya unajua kabisa huyu hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Lakini sawa, biashara matangazo, kila mtu anatafuta ugali wake.

Sasa nikupeleke Kibosho uone ugali wa nani umeliwa.

Kuna dogo wa kule tunafahamiana. Ni mpagazi wa mlimani. Msimu mzima, Juni mpaka Oktoba, anapanda na kushuka na mzigo wa wageni, ule wa kilo 20, anapita nao ukuta wa Barranco huku mgeni mwenyewe kabeba chupa ya maji na kamera. Hela yake haendi kuinywea. Anatia kwenye kibubu. Ndoto yake ilikuwa kompyuta moja tu: acheze EA FC na washkaji jioni, na mchana akate video za safari awauzie wageni wakishuka. Wazo zuri kabisa, si ndio? Kaona ile klipu, kavunja kibubu, katuma 1,650,000. Boksi likaja kwa basi kutoka Dar. Skrini haikuwemo, hiyo aliazima kwa shangazi yake.

Siku ya tatu kanipigia. "Bro, gemu haifunguki."

Kaja nayo mjini kwenye bodaboda, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Tukafungua kioo. Taa kweli zilikuwepo, feni nne, zinapendeza. Katikati ya hizo taa kulikuwa na prosesa ya Core i7 ya 2011 na kadi ya grafiksi ya GT 730, kadi iliyotoka 2014 na hata siku inatoka haikuwa ya gemu kubwa. Hiyo ni kadi ya kumsaidia mhasibu awe na skrini mbili mezani. EA FC 24 kima chake cha chini ni GTX 1050 Ti. Kwa hiyo gemu haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa inasema ukweli ambao muuzaji hakuusema.

Tukajumlisha bei ya kila kitu kilichomo humo ndani, kwa bei za mjini hapa na za Kariakoo tulizopigia simu. Haikufika laki saba. Inayobaki ililipia nini? Ililipia taa na kicheko cha staa.

Sasa tufundishane, maana hawa watu wanatumia ujanja uleule kila siku.

Ujanja wa kwanza ni neno "i7". Wakisema i7 wewe unasikia "kali kuliko zote". Jina hilo lipo tangu 2008! Kuna i7 ambayo ina umri wa mwanafunzi wa sekondari. Ile i7-2600 ya 2011 inapigwa bao na i3-10100 ya 2020, tena mchana kweupe. Kumwambia mtu "ni i7" bila kutaja toleo ni sawa na kumwambia "nauza Toyota" halafu unakaa kimya. Toyota gani? Ya mwaka gani?

Ujanja wa pili ni GTA V. Ile gemu ilitoka 2013 kwenye PlayStation 3, kwenye kompyuta ikaja 2015. Mashine nyingi za kawaida zinaiendesha ukishusha picha. Ukiona mtu anatangaza kompyuta ya gemu na kila siku anaonyesha GTA V tu, muulize kwa nini haonyeshi gemu ya miaka hii.

Ujanja wa tatu ni kioo. Binadamu akiona ndani anadhani ameona kila kitu. Wewe umeona feni, jina la kadi hujasoma.

Na hapa nawageukia wazee wa upande wa pili, msijifiche. Kuna yule jamaa wa magemu, naye jina siweki, ambaye kila dogo akiuliza "ninunue ipi?" anamjibu "gamer wa kweli anajenga mwenyewe kuanzia sifuri." Halafu anamcheka. Chalii yangu, wewe unaongea ukiwa Dar, Kariakoo unafika kwa daladala. Bodi ikigoma unarudi dukani jioni ileile. Sisi huku Kariakoo iko zaidi ya kilomita 500. Dogo wa Uru au Marangu akiagiza vipande saba kwa wauzaji saba, vikaja kwa basi, akaunganisha, mashine ikakataa kuwaka, atajuaje kibovu ni kipi? Hana RAM ya akiba ya kujaribia. Hana pawa saplai nyingine. Kila muuzaji atamwambia "changu kilikuwa kizima, wewe ndio umekiunguza." Mashine ya kwanza ya maisha yako sio mahali pa kujifunzia upasuaji peke yako usiku kwa video ya Mmarekani.

Kwa hiyo ninunue au nijenge? Jibu langu ni hili, na nitalisimamia: kwa kijana wa huku kwetu mwenye hela ya kudunduliza, nunua mashine ya ofisi iliyotumika, halafu ijenge taratibu.

Kwani huku nani alijenga nyumba kwa siku moja? Mzee anaweka msingi, anapumzika. Mwaka unaofuata kuta. Desemba watoto wanarudi kutoka mjini, mmoja kaleta mabati, mwingine kaleta hela ya madirisha. Nyumba inasimama na hakuna anayekudai. Kompyuta nayo ni hivyohivyo.

Msingi ni lile sanduku refu la ofisi, Dell OptiPlex, HP au Lenovo, lenye prosesa ya i5 ya toleo la 8 kwenda juu. Kwa nini la 8? Kwa sababu Windows 11 ya halali inaanzia hapo kwa Intel, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025. Ukinunua la 4 kwa sababu ni la bei chee, umenunua nyumba ambayo barabara itapita katikati yake.

Nimesema sanduku REFU. Yale membamba yanakubali kadi fupi tu, na yale madogo ya saizi ya kitabu hayana hata sehemu ya kuiweka. Hapa ndipo wengi wanaumia. Na usidhani utabadilisha pawa saplai kirahisi baadaye, maana mashine nyingi za ofisi zina plagi za kwao wenyewe. Ndiyo maana kadi ya kuanzia iwe kama GTX 1650, ile isiyo na tundu la waya wa ziada. Hiyo inakula umeme usiozidi wati 75 kutoka kwenye bodi palepale, pawa saplai ya ofisi inaibeba bila kulalamika. Na EA FC 24 inafunguka.

Hesabu niliyoulizia mimi mwenyewe: sanduku 480,000, likiwa na SSD. RAM ya kuongeza 60,000, na ziwe vijiti viwili vinavyofanana, vinakimbia kuliko kijiti kimoja kikubwa. Kadi iliyotumika 380,000. Skrini iliyotumika 120,000. UPS 180,000. Jumla 1,220,000. Na hulazimiki kutoa yote leo! Mwezi huu sanduku, uanze kujifunza kukata video ndogondogo. Baada ya msimu, kadi. UPS usiiache mwisho kabisa, maana masika yakianza umeme wa huku juu unakata, unarudi, unakata tena kwa dakika moja, na huo mchezo ndio unaoua mashine.

Najua mtakachosema. "Used ni kamari." Kweli, used inaweza kuwa mbovu. Lakini ya staa nayo ilikuwa used, tofauti ni kwamba ilivalishwa suti! Na sisi watu wa Moshi tusijifanye hatujui kununua mtumba. Ukienda Memorial unanunua jinzi bila kuigeuza? Unaigeuza ndani nje, unaangalia mshono, unavuta zipu, unainyanyua juu kwenye mwanga. Jinzi ya elfu nane unaikagua dakika kumi, halafu mashine ya milioni unatuma hela kwa sababu mtu kacheka kwenye klipu? Hapana bana.

Igeuze ndani nje hivi. Mwambie muuzaji awashe mbele yako, au kwa video ya moja kwa moja kama yuko Dar. Aonyeshe jina kamili la prosesa. Afungue GPU-Z, programu ya bure, aonyeshe kadi. Kuna kadi za zamani zinaandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z mara nyingi huzitia muhuri wa neno FAKE palepale. Kisha afungue gemu unayoitaka WEWE, icheze nusu saa, sio sekunde arobaini. Mwisho dai risiti ya EFD, na majina ya prosesa na kadi yaandikwe. Muuzaji akianza kupiga chenga hapo, umeshapata jibu na hela yako bado iko mfukoni.

Niwe mkweli pia, sio kila mtu afuate njia yangu. Kama unahama hosteli kila muhula, chukua laptop. Kama unataka kucheza mpira tu na hutaki kazi nyingine yoyote, PlayStation iliyotumika itakupunguzia mawazo. Na kama una hela na kuna duka hapahapa mjini linalokupa garantii ya maandishi, nunua iliyokamilika, hakuna dhambi. Kununua sio ushamba, na kujenga sio ujanja. Ushamba ni kulipia usichokijua.

Na sasa wewe staa. Najua utasema "mimi nilitangaza tu." Hujui kilichomo ndani, unasimamaje mbele ya maelfu ya watu kusema ni mashine ya kazi? Madogo wakiuliza kwenye komenti "kadi gani?" unafuta komenti. Mbona unafuta? Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kupotosha wateja, na ipo Tume ya Ushindani ya kupokea malalamiko. Mtu akidanganywa bidhaa hajakosa pa kwenda. Lakini dogo wa Kibosho hajui hilo, na nyie mnajua kwamba hajui.

Ombi langu kwenu mastaa wote ni dogo sana. Tangazo lijalo taja vitu vitatu: jina kamili la kadi, toleo la prosesa, na gemu moja ya miaka hii ikichezwa. Kama mashine ni nzuri, hayo maneno matatu yatakusaidia kuuza. Kama yatakuharibia biashara, basi ulikuwa unamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Dogo alimpigia muuzaji mara ya kwanza akaambiwa asubiri. Mara ya pili simu haikupokelewa. Tumekubaliana atauza lile sanduku vipande vipande, bila kumficha mtu kilichomo, aanze na sanduku la ofisi. Hela ya kadi haipo. Januari wageni wakija anapanda tena mlimani na kilo zake 20.

Haya, wenye povu njooni komenti, sifuti hata moja. Na kama nawe ulipigwa, andika ulichoahidiwa na ulichokikuta ndani. Jina la staa usiweke, tutamjua tu.